Kabureta ya boti ni shauri la abiria pia

Pikipiki ikizima njiani kati ya Birere na Katindo, hapa mjini Goma, dereva anaisukuma pembeni, anafungua plagi, anaifuta kwa kitambaa, na abiria mwenye haraka anapanda nyingine. Boti ikizima kati ya Minova na Goma haina pembeni. Baada ya dakika chache inageuka yenyewe na kupokea wimbi ubavuni, mizigo inaanza kuteleza, watu wanasimama kutazama kuna nini, na kusimama kwao kunaongeza hatari. Chini yao kuna maji ya Ziwa Kivu, ambayo penye kina kirefu yanafika karibu mita 480. Hata hivyo kabureta, ambayo mara nyingi ndiyo inayoizima injini kuukuu, imeachwa kuwa siri ya fundi na shauri la mfuko wa mwenye boti. Ninaona hilo ni kosa. Kusafisha kabureta ya boti, kwa njia yake na kwa wakati wake, ni sehemu ya usalama wa abiria kama lilivyo jaketi la kuokolea, na mtaa wa Mapendo una mikono mingi ya kuifanya kazi hiyo kuliko wanavyodhani wanaosubiri msaada kutoka mbali.

Ziwa Kivu limegeuka kuwa barabara kuu ya Goma bila mtu kulipanga liwe hivyo. Mapigano ya kuzunguka Sake mwanzoni mwa 2024 yalipoikata njia ya gari ya kwenda Minova, wachuuzi, wanafunzi, wagonjwa na magunia ya chakula walihamia majini. Meli za chuma zinazokwenda Bukavu zina injini zao za dizeli na mafundi wao, na sizo ninazozisema hapa. Nazungumzia boti za mbao za Minova, Idjwi na vijiji vya Kalehe, zile zinazosukumwa na injini ya kufunga nyuma yenye nguvu za farasi 15, 25 au 40, ya mizunguko miwili, kama Yamaha Enduro na jamaa zake. Ni injini iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wa kazi: sehemu zake ni chache, haina kompyuta, inawashwa kwa kuvuta kamba, na mtu mwenye spana za kawaida anaweza kuifungua yote juu ya meza. Uzee wake si aibu. Injini ya miaka 25 inayotunzwa inaweza kuvusha watu salama kuliko ya miaka mitatu iliyotupwa juani bila kutazamwa.

Ili hoja yangu ieleweke, lazima nieleze kidogo kinachofanyika ndani. Petroli inaingia kwenye bakuli dogo chini ya kabureta. Kielea kinapanda pamoja nayo mpaka kiisukume sindano izibe njia, kisha kinashuka injini inapotumia, na sindano inafungua tena. Hewa inayovutwa na pistoni inapita kwenye koo jembamba juu ya bakuli, na mwendo wake unanyonya petroli kupitia jeti, kipande kidogo cha shaba chenye tundu. Tundu hilo ndilo kipimo cha kila kitu. La jeti kuu lina upana wa milimita moja na ushei, na la mwendo wa chini ni jembamba kuliko hilo. Punje ya mchanga isiyoonekana vizuri kwa macho inatosha kulibana.

Sasa linakuja jambo ambalo abiria wengi hawalijui na baadhi ya wenye boti wanalisahau. Kwenye injini ya mizunguko minne, kama ya gari, oili inakaa mahali pake na inazungushwa na pampu yake. Kwenye injini nyingi za zamani za mizunguko miwili, oili imechanganywa ndani ya petroli, kwa kawaida lita 1 kwa 50, yaani mililita 400 kwenye jerikani la lita 20. Hakuna oili nyingine inayolainisha pistoni wala beringi zake. Kwa hiyo jeti iliyoziba nusu inafanya madhara mawili kwa mpigo: inapunguza petroli, jambo linaloongeza joto ndani ya silinda, na inapunguza oili wakati huohuo joto linapozidi. Kwenye injini yenye kabureta kwa kila silinda ubaya huo unajificha. Silinda moja inakauka, nyingine zinabeba boti, nahodha anahisi nguvu imepungua kidogo na anaongeza mafuta ili asichelewe. Injini inaitikia, mngurumo unapanda, na katikati ya ziwa pistoni iliyokosa oili inaganda ndani ya silinda yake. Baada ya hapo hata kamba ya kuwashia haivutiki. Watu watasema injini imekufa ghafla, lakini haikufa ghafla. Ilikuwa inakufa tangu siku jeti ilipoanza kuziba.

Uchafu unatoka wapi? Vitabu vingi vya matunzo ya injini hizi vimeandikwa kwa ajili ya Marekani na Ulaya, ambako adui ni petroli iliyochanganywa na ethanoli na injini kulala ghalani majira yote ya baridi. Fundi wa Mombasa au Zanzibar anapambana na chumvi inayokula alumini na kuacha unga mweupe. Kivu ni maji yasiyo na chumvi ya bahari, na hiyo ni neema kubwa kwa injini zetu. Balaa yetu iko kwenye jerikani. Petroli ya Goma inafika kwa barabara kutoka bandari za Bahari ya Hindi, na kabla ya kumfikia nahodha inaweza kuwa imepita kwenye lori, tangi la kituo, pipa, jerikani la Kadafi, yaani muuzaji wa petroli wa kando ya barabara, na hatimaye faneli iliyokuwa imelala juu ya kibao tangu asubuhi. Kila mara inapohamishwa inaokota kitu. Na mji huu una kitu cha kuokotwa. Lava ya Nyiragongo iliyokatiza katikati ya Goma tarehe 17 Januari 2002 na kuingia ziwani ndiyo tunayoikanyaga, tunayoijengea na tunayoivuta puani. Vumbi lake jeusi ni gumu, lina kingo kali, haliyeyuki kwenye petroli wala kwenye oili, na likifika kwenye ncha ya sindano ya kabureta linakaa hapo na kuizuia isizibe sawasawa. Hapo bakuli linafurika, plagi zinalowa, injini inakohoa na kuzima.

Kuna maji pia. Goma iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,460, usiku wake ni wa baridi, na pipa lililojaa nusu linatoa unyevu ndani ya kuta zake. Ongeza mvua na vifuniko vya majerikani visivyokaza. Petroli ni nyepesi kuliko maji, basi maji yanatelemka chini, na mahali pa chini kabisa katika safari nzima ya mafuta ni bakuli la kabureta, penye jeti kuu. Tone la maji halipiti kwenye tundu jembamba kwa wepesi wa petroli. Linakaa pale na kulifunika. Dalili yake ni ya kudanganya: injini inawaka vizuri gatini, inanguruma taratibu bila shida kwa sababu njia ya mwendo wa chini ni nyingine, kisha inazima nahodha anapotaka nguvu ya kuvuka. Petroli iliyosahaulika nayo ina lake. Inapokauka bakulini inaacha gundi ya rangi ya manjano inayonata kwenye kila tundu. Usafiri wa ziwani uliposimama mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, injini yoyote iliyoachwa na mafuta ndani ilikuwa inajitengenezea gundi hiyo, na boti ikirudi majini bila kabureta kufunguliwa inarudi na ugonjwa.

Hapo ndipo tunapofika Mapendo. Mtaa huu wa komini ya Goma, unaoshikana na Birere na soko lake, unaishi kwa kutengeneza na kuuza. Pikipiki za TVS na Boxer zinazobeba nusu ya shughuli za mji zina kabureta, na jenereta za maduka zina kabureta, kwa hiyo kijana aliyekua akifanya kazi kwenye kibanda cha fundi ameshika kabureta nyingi kuliko wahandisi wengi wa Ulaya wa rika lake. Ujuzi upo. Kinachokosekana ni tofauti kati ya kuifanya injini iwake na kuifanya ivuke ziwa. Mteja wa pikipiki anataka iwake sasa hivi, analipa kidogo, na ikisumbua tena kesho atarudi. Desturi hiyo ikihamia kwenye injini ya boti inakuwa hatari, na mfano wake mkubwa ni waya. Fundi mwenye haraka anakata uzi mmoja wa chuma kutoka kwenye kebo ya breki, anauchomeka kwenye jeti, anausokota mara mbili tatu, uchafu unatoka na injini inawaka. Mteja anaondoka ameridhika.

Lakini waya ni chuma na jeti ni shaba, na shaba ni laini. Tundu la milimita 1.4 likikwanguliwa mpaka milimita 1.5, eneo lake linaongezeka kwa karibu asilimia 15, na jeti ile haiwezi tena kuwa kipimo cha chochote. Hapa Goma hilo lina uzito wa pekee. Kwenye mwinuko wetu hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15, na injini iliyopangwa kiwandani kwa ajili ya usawa wa bahari tayari inapata petroli kupita hewa yake. Inatoa moshi mwingi, inajaza masizi kwenye plagi, inakula mafuta bila kutoa nguvu. Dawa yake ni jeti ndogo zaidi, ambayo mtengenezaji anaiuza kwa namba, wala si tundu kubwa zaidi. Kila fundi anayechokonoa kwa waya anaisogeza injini mbali na pale inapopaswa kuwa, na anayelipia ni mwenye boti kwa petroli, na abiria kwa nauli.

Usafishaji unaostahili jina hilo hauhitaji karakana ya fahari. Unahitaji subira, meza safi na utaratibu, na sehemu kubwa ya muda wake ni kutazama. Fundi anaosha injini nje kabla ya kufungua chochote, ili uchafu wa juu usiangukie ndani. Anapiga picha kwa simu mipira na vyuma vinavyounganisha kabureta, maana kwenye injini yenye kabureta mbili au tatu vyuma hivyo ndivyo vinavyozifanya zifunguke pamoja. Anamwaga yaliyomo bakulini kwenye chupa ya kioo na kuyaacha yatulie, kwa sababu chupa hiyo ni ushahidi: maji yaliyojitenga chini yanasema pipa ni bovu, mchanga mweusi unasema faneli na jerikani, gundi ya manjano inasema injini ililala na mafuta. Kabla ya kutoa skrubu ya mwendo wa chini anaizungusha taratibu mpaka iguse mwisho, huku akihesabu mizunguko na kuiandika, ili airudishe palepale. Jeti anaitoa kwa bisibisi inayojaa mfereji wake wote, maana mfereji wa shaba ukishaharibika jeti haitoki ila kwa kuvunjwa. Akiielekeza kwenye mwanga wa jua lazima aone duara kamili. Kama halionekani, jeti inalowekwa kwenye dawa ya kabureta au petroli safi, na kinachopitishwa tunduni ni uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, ambao mji wa wavuvi haukosi. Nailoni ni laini kuliko shaba. Inaondoa uchafu na kuliacha tundu na kipimo chake.

Kisha upepo. Kompresa ya mtu wa matairi inatosha, na unapulizwa kwenye kila njia ya kabureta, kwanza kinyume na mwelekeo wa mafuta, huku macho yamekingwa. Mipira na kielea havilowekwi kwenye dawa kali, kwa kuwa vinavimba au kukakamaa. Kielea kilicho na uwazi ndani kinatikiswa sikioni; kikisikika kimiminika kimetoboka na hakifai. Ncha ya sindano inatazamwa kwa makini, na ikiwa imechongeka mstari wa mviringo inabadilishwa, haisuguliwi msasa. Kabureta inapinduliwa ili kuona kielea kimekaa kwenye kimo kilichowekwa na kitabu cha injini, kwa sababu kimo hicho ndicho kinachoamua bakuli lina petroli kiasi gani. Gasketi inawekwa mpya. Mwisho injini inajaribiwa ndani ya pipa la maji na kamwe si kavu, kwani pampu yake ya maji ina pangaboi la mpira linaloungua likizunguka bila maji. Baada ya safari fupi ya majaribio karibu na ufuko, yenye mzigo mdogo, plagi zinafunguliwa. Zikiwa na rangi ya kahawa yenye maziwa kidogo, na zote zikifanana, kazi imefanyika. Moja ikiwa nyeupe na nyingine nyeusi, boti haitoki.

Watasema kilichoua watu wa boti ya Merdi tarehe 3 Oktoba 2024 hakikuwa kabureta. Ni kweli. Boti ile ilitoka Minova ikiwa imebeba watu kupita kiasi, ikazama mbele ya bandari ya Kituku, Goma, watu wa nchi kavu wakitazama, na makumi walikufa. Ajali ya Aprili 2019 upande wa Kalehe, iliyoacha zaidi ya watu 100 hawajulikani walipo na kumfanya Rais Félix Tshisekedi aagize jaketi za kuokolea ziwe lazima, nayo haikuletwa hapa kama ushahidi wa jeti kuziba. Sitaki kumnyang'anya yeyote hasira yake juu ya kujaza boti. Hasira hiyo ni ya haki na haijatosha. Ninachosema ni kwamba mzigo na kabureta si mambo mawili yaliyotengana. Boti iliyojazwa inamlazimu nahodha afungue mafuta mpaka mwisho safari nzima, na hapo ndipo injini inapotegemea jeti kuu peke yake, na ndipo jeti iliyobanwa inapoua pistoni. Vilevile injini ambayo njia yake ya mwendo wa chini imeziba haikai bila kuzima nahodha anapopunguza. Nahodha akishaijua tabia hiyo anaogopa kupunguza, anakaribia gati kwa kasi isiyofaa, anageuza kwa kasi isiyofaa, na boti iliyojaa haisamehi kugeuzwa hivyo. Jaketi linamsaidia mtu aliyekwisha kuanguka majini. Injini inayotii mkono wa nahodha inapunguza nafasi ya kuanguka. Tunavihitaji vyote viwili, lakini gatini maswali yamebaki kwenye idadi ya watu, jaketi na karatasi.

Pingamizi la pili ni fedha, na silidharau, maana mwenye boti ya mbao si tajiri. Nahodha naye mara nyingi si mwenye boti; analeta hesabu ya siku, na siku ambayo injini iko mezani haina hesabu. Lakini tulinganishe gharama zilizopo. Gasketi, sindano na nusu siku ya fundi ziko upande mmoja. Upande wa pili kuna pistoni, ringi, kuchonga silinda, kuagiza vipuri kupitia mipaka ambayo hufungwa na kufunguliwa kwa sababu zisizohusu boti, na majuma ya kukaa bila kuvusha mtu. Kati ya hizo mbili kuna petroli ya ziada inayochomwa kila siku na injini iliyochafuka, hasara ambayo haionekani kwa kuwa inatoka kidogokidogo. Wanawake wa sokoni Birere wanaendesha likirimba, yaani michango ya zamu, za kununulia bidhaa na kulipia shule. Wenye boti wa njia moja wanaweza kuweka likirimba ya injini, ambamo kila zamu inalipia kufunguliwa kwa kabureta za boti moja, na siku hiyo abiria wake wanachukuliwa na mwenzake. Wanaojua kugawana abiria hawawezi kushindwa kugawana siku ya fundi.

Wengine watauliza kuna faida gani kusafisha kabureta ikiwa petroli itakayoingia kesho ni chafu ileile. Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote, na jibu lake linaongeza kazi badala ya kuipunguza. Kabureta ni mwisho wa mlolongo. Fundi anayesafisha mwisho bila kugusa mwanzo ataitwa tena baada ya juma, na mteja atakuwa na haki ya kusema kazi yake ni bure. Kwa hiyo kazi ianzie kwenye jerikani: petroli iachwe itulie usiku mmoja, imiminwe bila kutikiswa, sehemu ya chini ibaki, na ipite kwenye kichujio kizuri, si kipande cha fulana ambacho nacho kinaacha nyuzi zake ndani. Tangi la kiwandani likiwa limekwisha kupasuka na jerikani limechukua nafasi yake, ncha ya mpira unaonyonya isilale chini kabisa ndani ya jerikani, iinuliwe vidole viwili. Kati ya tangi na injini kiwekwe kichujio cha plastiki kinachoonyesha ndani, ambacho nahodha anakitazama kila asubuhi kwa muda wa kupiga chafya. Skrubu ya hewa ya kifuniko cha tangi ifunguliwe, kwa maana injini nyingi zilizoshutumiwa kuwa na kabureta chafu zilikuwa zinanyongwa na tangi lisilovuta hewa. Mafuta hayatakuwa safi kama ya kituo cha Nairobi, lakini kabureta itafunguliwa kwa ratiba na si kwa dharura.

Halafu kuna wanaosema dawa ni kuachana na injini hizi, tununue mpya za mizunguko minne, zenye sindano za kielektroni, zinazotumia mafuta kidogo na kutoa moshi kidogo. Sina ugomvi na moshi mdogo. Lakini injini ya sindano za kielektroni inasukuma petroli kwa shinikizo kubwa kupitia matundu madogo kuliko ya jeti yoyote, na mafuta yanayoiziba kabureta yataiziba hiyo kwanza, kisha itahitaji kompyuta ya kuisoma na vipuri ambavyo kibanda cha Mapendo hakina. Nyingi kati ya zile ndogo za mizunguko minne bado zina kabureta, tena zenye jeti nyembamba zaidi. Siku injini mpya zitakapokuja, na zije, zitamkuta fundi aliyezoea kuchuja, kutazama na kuandika, au zitamkuta fundi wa waya. Ni yuleyule atakayezifungua.

Ninalopendekeza ni dogo na linaweza kuanza bila amri ya serikali yoyote. Kila injini ya abiria iwe na daftari lake, la kawaida la shule, linalokaa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na karatasi za boti. Kila kabureta inapofunguliwa fundi aandike tarehe, alichokikuta bakulini, namba ya jeti iliyomo, mizunguko ya skrubu, rangi ya plagi baada ya majaribio, na jina lake. Jina ni muhimu, kwa kuwa fundi anayetia jina hachomeki waya kirahisi, na fundi mzuri anapata sifa anayoweza kuionyesha. Injini inayofanya kazi kila siku ifunguliwe angalau mara moja kila miezi mitatu, na kila inapokuwa imelala zaidi ya wiki tatu. Nahodha anayejua hatatoka kesho afunge mafuta na kuiacha injini imalize yaliyo bakulini. Wakaguzi wa Kituku na wa bandari nyingine waliombe daftari kama wanavyoomba orodha ya abiria, na abiria mwenyewe awe na haki ya kuuliza kabla ya kutoa nauli. Mchuuzi anayepanda boti moja mara mbili kwa wiki ana nguvu kuliko mkaguzi, kwa sababu anaweza kupanda nyingine.

Jambo la mwisho linahusu mahali kazi inapofanyikia, na Mapendo inalijua kwa machungu. Nyumba za mbao zimebanana, makaa yanawaka mlangoni, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: unatambaa chini, unaingia uvunguni na kulifuata jiko la jirani. Moto si mgeni katika mitaa hii. Kazi ya kabureta ifanyiwe nje, mbali na jiko na sigara, na kitambaa chenye petroli kisiachwe juani. Petroli chafu nayo isimwagwe kwenye mtaro wala ufukoni, kwa kuwa maelfu ya familia za Goma huchota maji ya kupikia kutoka ziwa hilohilo. Ikiachwa itulie na kuchujwa, inaoshea vyuma vya injini inayofuata. Chombo kimoja cha chuma chenye mfuniko kwa kila kibanda, na ndoo ya mchanga mkavu kando yake, ni gharama ambayo likirimba ya wenye boti inaweza kuibeba kabla hata ya kununua gasketi ya kwanza.